Nipe Upande

Kazi yangu ya kwanza niliipata milimani, Upare ya Kusini, kwenye kituo cha afya ambacho mashine yake ya eksirei ilikuwa bado inanukia upya. Mimi ni mtu wa Tanga mjini, na mtu wa Tanga mjini akipelekwa bara hubeba vitu viwili: shuka na majivuno ya Kiswahili. Nilishuka basi Same, upepo ukanipokea kwa kunimwagia vumbi machoni, nikapanda gari la milimani, na saa tatu baadaye nilikuwa nimesimama mbele ya kituo huku meno yakigongana. Shuka lilinisaidia sana. Majivuno hayakumaliza hata wiki.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mkulima wa tangawizi. Alikuwa ameangukiwa na tawi la mti na ubavu ulimuuma. Mkewe alibaki nje ya mlango.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Panda kitandani, ulale, kisha geuka upande."

"Marahaba. Upande wa juu au wa chini?"

Nikatazama dari, nikatazama sakafu. "Hakuna juu wala chini, mzee. Upande tu."

"Upande tu," akarudia taratibu, kama mtu aliyeelekezwa nyumba kwa kuambiwa rangi ya mlango peke yake. "Upande tu ndio upande gani?"

Kabla sijajibu, sauti ya mkewe ikapenya mlangoni. "Mwambie wa nyikani! Akilala nyumbani, unaomuuma ni ule wa nyikani!"

Mzee akageuka bila kusita, akalala barabara kama kitabu kinavyotaka, uso ukitazama ukuta wa dirishani. Nikapiga picha. Mbavu zilikuwa salama, ila mimi ndiye niliyebaki na maumivu. Nimezaliwa na Kiswahili mdomoni, na mzee ambaye nyumbani kwake wanazungumza Chasu, lugha ya Wapare, amenishinda kwa neno la watoto wa chekechea.

Mchana huo muuguzi mkuu alinieleza. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa kijiji kile kile, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Tulikuwa tunakula makande jikoni kwa wauguzi.

"Kwenu ni tambarare," alisema. "Huku kila nyumba imekaa mlimani. Kitanda kina upande wa mlimani na upande wa nyikani, shamba hivyo hivyo, hata benchi la kanisani. Ukimwambia mtu upande, halafu ukanyamaza, anakusubiri umalize."

Nikachukua karatasi mbili na kalamu ya wino mzito. Kwenye ukuta mmoja wa chumba changu nikabandika MLIMANI, na kwenye ukuta wa dirishani, unakoonekana uwanda wote hadi mbali, nikabandika NYIKANI. Tangu siku hiyo wagonjwa waligeuka kama askari wa gwaride. Nikampigia mama yangu simu Tanga kumsimulia. Akasema, "Umekwenda kufanya kazi au kurudia darasa la kwanza?" Nikacheka naye. Nilidhani neno upande nimeshalimaliza.

Kwetu, neno hili tumelitumia mpaka limechakaa. Mtu akivaa kofia upande, ana maringo. Mdomo ukienda upande, kimbiza hospitali. Wawili wakigombana utaulizwa uko upande wa nani, na ukijibu kwamba huna upande, wote wawili watakununia. Kanga zikinunuliwa ni doti, na doti ni kanga mbili, na kila moja ni upande. Wakati ule, ungeniamsha usingizini ukaniuliza upande ni nini, ningekujibu yote hayo kwa mfululizo. Kuyajua niliyajua, kuyakumbuka kwa wakati wake ndiko kulikonishinda.

Mwezi wa tatu tangu nifike, masika yakiwa yamepamba moto, akaletwa bibi mmoja mwenye umri wa kuzidi miaka themanini. Aliteleza shambani nyuma ya nyumba yake akaangukia nyonga. Kwa wiki nzima alikataa kuja, akijikanda kwa maji ya moto na kuwatukana waliomwambia aje. Aliingia chumbani kwangu kwa miguu yake, akiegemea fimbo, mdomo ameubana. Mwanawe alikaa nje kwenye benchi. Huyu mwanawe naye alikuwa mtu mzima wa mvi, mzee wa kanisa wa Kilutheri, mwenye koti lililofungwa vifungo vyote hata cha juu kabisa.

Bibi alikuwa amevaa gauni, na juu yake kanga doti: upande mmoja kaufunga kiunoni, wa pili kajitanda mabegani. Nilimsaidia kupanda kitandani, nikampiga picha ya mbele. Ikabaki ya ubavuni. Karatasi zangu zilikuwa ukutani, zinasomeka vizuri, ila bibi hakuwa na miwani, na mimi nilikuwa na foleni ndefu nje. Haraka ikanirudisha Tanga.

"Sasa bibi," nikamwambia, "nipe upande."

Mkono wake ukaenda kiunoni, ukashika fundo la kanga.

"Nikupe nini?"

"Upande, bibi. Nipe upande kidogo tu, tumalize."

"Upande huu?"

Nikaona mkono wake uko pale pale kwenye nyonga inayouma. Nikafurahi kwamba tumeelewana. "Huo huo, bibi. Wala usiogope. Wote huwa wananipa."

"Wote?"

"Wote. Hata wazee wa kanisa. Mama mchungaji mwenyewe alinipa juzi, na hakuona taabu."

Bibi akalikaza fundo. Kisha akashuka kitandani. Sijui alishukaje na nyonga ile, lakini alishuka, fimbo mkono mmoja na fundo la kanga mkono wa pili, akatoka. Nikamsikia nje akimwambia mwanawe kwa Chasu, maneno mengi kwa pumzi moja, na katikati ya maneno hayo nikalidaka moja tu la Kiswahili: upande. Mzee wa kanisa akainuka. Akachungulia mlangoni, akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, akamshika mama yake mkono wakaondoka.

Nilidhani wameudhika kwa sababu ya foleni.

Daktari wa kituo aliitazama ile picha ya mbele kwa makini. "Hapa sioni kitu," akasema. "Lakini kwa umri wake na anavyotembea, sitaki kuamini. Ya ubavuni iko wapi?"

"Alikataa."

"Kwa nini?"

"Sijui, daktari. Nilimwomba kwa adabu kabisa."

Jumatatu asubuhi muuguzi mkuu aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi.

"Hebu niambie," akasema, "ulimwambia nini yule bibi wa kule juu mlimani?"

"Nilimwambia anipe upande."

Akaweka kikombe mezani. "Rudia, kama ulivyosema siku ile."

Nikarudia yote, pamoja na wazee wa kanisa na mama mchungaji. Nilipofika kwenye "wote huwa wananipa" nikasikia sauti yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Niliona fundo lile la kanga. Niliona mkono uliolishika.

Muuguzi mkuu alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta machozi kwa pindo la sare yake. Alipomaliza, uso wake ulibadilika. "Nacheka, lakini si jambo dogo. Jana baada ya ibada uwanja mzima wa kanisa ulikuwa na habari hiyo. Kwamba kijana wa picha anawavua bibi zetu kanga. Na yule bibi ameapa harudi hapa. Kama ana mfupa uliovunjika, utamuua kwa Kiswahili chako."

Wiki ile niliionja. Kina mama walikuja na masweta mawili mawili, kanga zimefungwa mafundo ya kuzuia ng'ombe. Mmoja alipoingia tu alisema, "Mimi upande wangu nimeuacha nyumbani," na wenzake kwenye foleni wakaangua kicheko. Nikacheka nao, maana kununa kungeongeza ushahidi. Jioni nikampigia mama. Yeye hakucheka. "Mwanangu," akasema, "wewe nilikubeba mgongoni kwa upande wa kanga miaka miwili. Umekwenda kuusahau wapi?" Nilikuwa nikimfikiria bibi yule kule juu kwenye ukungu, akikanda nyonga kwa maji ya moto, akijizuia kulia mbele ya wajukuu.

Ikaamuliwa niende nikaombe radhi, na muuguzi mkuu angenipeleka. "Huendi mikono mitupu," akaniambia. "Kosa la kanga hulipwa kwa kanga." Kule juu hapakuwa na duka la kanga la maana. Nikamtuma dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa akishuka Same siku ya soko. Nilimweleza vizuri: doti moja, ya heshima, ya mtu mzima. Akarudi nayo imefungwa kwa gazeti na kukazwa uzi. Nikagusa kitambaa kwenye kona, nikaona kizito, rangi ya zambarau, nikaridhika. Sikuufungua mzigo. Mtu wa Tanga, aliyekulia kati ya wanawake wasionunua kanga kabla hawajasoma maandishi yake, sikuufungua.

Jumamosi tukapanda. Njia ilikwenda wima, na muuguzi mkuu, aliyenizidi miaka zaidi ya ishirini, alinisubiri mara tatu. Tulipofika, tulikuta sebule imeandaliwa: makochi yenye vitambaa vya kufuma, chupa ya chai mezani, na mzee wa kanisa amekaa wima kwenye kiti cha mbao, koti limefungwa vifungo vyote. Bibi alikuwa kwenye kochi karibu na dirisha, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Nikaona amepungua.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mzee."

"Marahaba," wakajibu wote wawili, bibi akitazama nje.

Muuguzi mkuu akafungua mazungumzo kwa Chasu, akapita kwenye hali ya hewa, mahindi na wagonjwa wa ukoo mzima. Kisha akanigeukia. "Sema."

Nikasimama. "Bibi, nimekuja kuomba radhi. Siku ile sikutaka kanga yako. Upande niliousema ni huu," nikajipiga ubavuni kwa kiganja. "Nilitaka ugeuke, mashine ikuone kwa ubavu. Hao wote niliokuambia wamenipa, walinipa ubavu. Nilisema ovyo kwa sababu ya haraka, na nimekuaibisha. Naomba unisamehe."

Mzee wa kanisa alikuna kidevu. Nikaona afadhali nitoe zawadi. Nikamkabidhi yeye ule mzigo kwa mikono miwili. Akakata uzi kwa kisu kidogo, akafungua gazeti, akakunjua upande mmoja wa kanga juu ya magoti yake. Akavaa miwani. Kisha, kwa sauti ile ile aliyozoea kusomea matangazo kanisani, akasoma:

"Sina. Mwingine. Moyoni. Ila. Wewe."

Nimewahi kuona aibu maishani, lakini ile ilinishika kuanzia nyayo. Muuguzi mkuu alikohoa kikohozi kisicho na mafua. Mzee wa kanisa aliendelea kuyatazama maandishi, kana kwamba akiyatazama zaidi yatabadilika.

"Rudia, baba," bibi akasema kutoka dirishani. "Sijasikia vizuri."

"Mama..."

"Nimesema rudia."

Akarudia, safari hii kwa haraka na kwa sauti ya chini. Bibi akayaangalia yale maneno, akaniangalia mimi niliyesimama katikati ya sebule nikitoka jasho kwenye baridi ile, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Marehemu baba yako," akamwambia mwanawe, "tumekaa naye miaka hamsini na ushee. Alininunulia mbuzi, alininunulia jembe, alinijengea nyumba hii. Hili neno hakuwahi kuniambia hata siku moja. Leo limeletwa na kijana wa eksirei!"

Akacheka. Akacheka kicheko cha msichana, kikapanda na kushuka, muuguzi mkuu naye akashindwa kujizuia, na mwishowe hata mzee wa kanisa akafungua kifungo cha juu cha koti na kuinamisha uso kwenye kanga. Mimi nilikuwa nataka kueleza habari za bodaboda, lakini hakuna aliyetaka kunisikia.

Kicheko cha bibi kikakatika ghafla. Akashika nyonga. Uso wake ukawa wa rangi ya jivu, na midomo ikaanza kutetemeka. Muuguzi mkuu alikuwa wa kwanza kufika. Akampapasa, akamtazama mguu, akanong'ona, "Mguu huu umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Hatungoji Jumatatu."

Majirani wakaitwa kwa sauti kutoka uani. Machela yalikuwa yamehifadhiwa nyumba ya tatu, miti miwili na turubai, kama yalivyo karibu kila kitongoji kule, maana magari hayafiki kila mlango. Watu wanne tukabeba. Mzee wa kanisa alinipanga mwenyewe: "Wewe shika upande wa nyikani, mbele." Nilishika. Ndio upande mzito wakati wa kuteremka, nilikuja kugundua, lakini sikuwa katika hali ya kulalamika. Bibi alifunikwa kanga mpya hadi kidevuni, na katika kila kona aliyopita mtu alisimama kumpa pole na kuyasoma yale maandishi.

Daktari, aliyepigiwa simu na muuguzi mkuu, alikuwa akitusubiri. "Usimgeuze," akaniambia. "Mwache alale chali kama alivyo. Geuza mashine."

Nikageuza mashine. Nilishusha kichwa chake hadi usawa wa kitanda, nikakielekeza ubavuni kwa bibi. Muuguzi mkuu aliinua mguu mzima, ule usiouma, akaushikilia juu ya rundo la mito ili usizibe njia, nami nikasimamisha bamba la picha upande wa pili. Ilichukua muda, na ilibidi nianze upya mara mbili. Bibi alinifuata kwa macho muda wote.

Picha ikatokea kwenye kompyuta. Pale kwenye shingo ya mfupa wa paja, mahali ambapo picha ya mbele ilionyesha mfupa safi, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Sasa ulikuwa umeanza kufunguka.

"Kumbe na mashine inajua kugeuka?" bibi akauliza.

"Inajua, bibi."

"Sasa siku ile ulitaka nigeuke mimi kwa nini?"

Daktari alikuwepo, muuguzi mkuu alikuwepo, na mzee wa kanisa alikuwa amesimama mlangoni. Ningeweza kusema mambo ya kitaalamu na wangeniamini.

"Kwa sababu kukugeuza wewe kulikuwa rahisi kwangu," nikasema. "Kugeuza mashine ni kazi."

Akafumba macho. "Haya," akasema. "Angalau umesema kweli mbele ya mwanangu."

Jioni hiyo hiyo gari la wagonjwa lilimpeleka kwenye hospitali kubwa, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Zile wiki za kumsubiri sitazisahau. Mwanawe alikuwa akimpigia simu muuguzi mkuu, na muuguzi mkuu alikuwa akinipa habari kwa mafungu, kulingana na nilivyofanya kazi siku hiyo: ameamka, amekula uji, amegombana na mtu wa mazoezi, amesimama. Niliposikia amegombana ndipo nilipopata usingizi. Na kila bibi au babu aliyekuja kwangu na nyonga baada ya kuanguka, niligeuza mashine. Foleni ilirefuka, watu wakanung'unika, nikageuza tu.

Aliporudi kijijini alikuwa na fremu ya kutembelea ya miguu minne, na masharti. La kwanza, asipande wala kuteremka mahali pa wima. Masharti hayo yaliandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika kwake. Walimbeba kwa machela hadi nyumbani, na baada ya hapo akawa kama amefungiwa. Kanisa lilikuwa chini, kengele yake anaisikia, sauti za waimbaji zinafika kwake kwa upepo, na yeye yuko dirishani. Mchungaji alikwenda kumpa chakula cha Bwana nyumbani. Akapokea, akashukuru, kisha akamwambia kwamba miaka sitini amekaa benchi la tatu, na sasa kuna mtu amelikalia.

Mzee wa kanisa alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wiki iliyofuata ukatangazwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Wapare huitana kusafisha mifereji na kutengeneza barabara. Safari hii ilikuwa kuchonga njia. Si ya kuteremka wima kama ile iliyokuwepo. Ilitakiwa ikate ubavu wa mlima kwa mwinuko wa polepole, izunguke nyuma ya mashamba matatu na kutokea mlangoni mwa kanisa. Wenye mashamba walikubali kila mmoja kutoa ukanda wa hatua mbili, isipokuwa mmoja aliyekataa mpaka bibi alipomtumia salamu. Sikuambiwa salamu hizo zilisemaje, ila alikuja kesho yake asubuhi na jembe begani.

Niliomba niwepo. Nilipofika, mzee mkulima wa tangawizi, yule mgonjwa wangu wa kwanza, ndiye aliyekuwa akipima. Hakuwa na kifaa chochote isipokuwa chupa ya maji na jicho. Anaweka chupa juu ya ubao, anachungulia, anasema "hapa," anachomeka kijiti. Ni watu waliochimba mifereji tangu babu zao. Maji yamewafundisha mwinuko upi unafaa. Mimi nilipewa sepetu na kipande cha hatua kumi. Kufikia saa nne viganja vilikuwa na malengelenge, na kina mama waliokuwa wakisomba mawe walipita wakiniambia, "Kijana wa picha, hebu tupe upande tupite," nami nikisogea wanaangua kicheko hadi chini bondeni. Mchana tulikula makande kutoka kwenye sufuria moja kubwa, tumekaa juu ya udongo mpya. Ilituchukua Jumamosi tatu.

Jumapili ya kwanza baada ya kumaliza, tulimsubiri kwenye kona ya kwanza ya njia. Alitoka na fremu yake, gauni limepigwa pasi, kile kitambaa cha zambarau kakifunga kiunoni, maandishi yako nyuma yanasomeka na usharika mzima. Mwanawe alitembea mbele yake kinyumenyume, mikono ameitanua. Bibi akamwambia aache kumzuia kama kuku. Akaja hatua kwa hatua, fremu kwanza, mguu mbovu, mguu mzima, na alipofika kwetu akasimama kupumua. Akaitazama njia nyuma yake, kisha akaitazama ile iliyobaki mbele, inavyopinda polepole nyuma ya migomba.

"Mmenizungusha," akasema. "Ile ya zamani ningekuwa nimeshafika na kukaa."

Mwanawe alitaka kusema kitu. Muuguzi mkuu akamkanyaga mguu. Sisi wengine tuliokuwa na malengelenge tulitazamana.

"Na nyinyi mmesimama hapa kama mnasubiri kupigwa picha," akaendelea, akiinua fremu. "Nendeni mkaniwahie benchi la tatu."